Kuelewa na Kupwelewa

Maji yanapokupwa katika hori ya Kilifi, madau yaliyokuwa yakichezacheza juu ya mawimbi saa chache kabla yake hubaki yamelalia ubavu juu ya matope, mkuku nje, kamba ya nanga imelegea chini bila kazi. Lugha ya pwani ina neno moja la hali hiyo: chombo kimepwelewa. Hakikuvunjika, hakikutoboka, wala fundi wake hakukosea kipimo; kimekosa maji tu. Baada ya saa sita hivi bahari hurudi polepole, kwanza kama utando wa unyevu kati ya mizizi ya mikoko, kisha kama mkono unaojipenyeza chini ya mbao, na chombo kilekile, bila msumari mmoja kuongezwa, huinuka, hutikisika na kusimama wima. Methali isemayo kwamba vyaelea vimeundwa humpa fundi heshima yake, na heshima hiyo ni haki yake, lakini haiyataji maji, labda kwa sababu walioitunga walikuwa watu wa ufuoni ambao hawakuhitaji kukumbushwa kuwa bahari ipo na kwamba huja na kuondoka kwa saa zake.

Madau hayo hayako mbali na ualimu kama inavyoweza kudhaniwa, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kiliyafunga mambo haya mawili kwa kamba moja zamani. Mzizi ni kitenzi kuelea, yaani kukaa juu ya maji bila kuzama. Kutoka hapo lugha ikazaa kueleza, ambayo kwa umbo lake ni kukifanya kitu kielee, na kwa matumizi ya kila siku ni kufafanua jambo mpaka liwe wazi. Ikazaa pia kuelewa, ambayo kwa umbo ni kitenzi cha kutendwa, kana kwamba anayeelewa hatendi lolote ila hufikiwa na jambo lililoelea hadi kwake. Wazee bado husema jambo limewaelea, wakimaanisha kwamba limejidhihirisha, na katika sentensi hiyo kiima ni jambo lenyewe. Mtu ni gati tu ambapo chombo kinatia nanga. Kwa hiyo sarufi, bila kuulizwa, imetoa nadharia nzima ya ufundishaji: mwalimu hueleza, mwanafunzi huelewa, lakini kinachoelea si mwalimu wala mwanafunzi. (Lugha haikukosa mzaha pia, kwani moyo ukielea maana yake ni kichefuchefu, hali anayoijua kila kijana aliyewahi kusimama kwa mara ya kwanza mbele ya wanafunzi hamsini akiwa na chaki mkononi na mkaguzi wake ameketi dawati la nyuma.)

Kilomita chache kutoka kwenye hori hiyo kipo Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoanzishwa mwaka 2007 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kenyatta katika viwanja vya iliyokuwa taasisi ya kilimo ya Kilifi, kikapata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013. Miongoni mwa kozi zake ni shahada ya elimu, ambayo kwa miaka minne huandaa walimu wa shule za sekondari. Kabla ya hapo, kijana wa Malindi, wa Kaloleni au wa Ganze aliyetaka kufundisha sekondari kwa shahada alifunga sanduku na kwenda bara, kwenye kambi ya zamani ya jeshi la Waingereza huko Kahawa, iliyogeuzwa Chuo cha Kenyatta mwaka 1965, au baadaye Eldoret na Njoro. Na kabla ya hapo tena, safari ilikuwa ndefu zaidi, kama ile ya Ronald Ngala, mwana wa Kilifi aliyesomea ualimu Makerere nchini Uganda na kushika chaki kabla siasa hazijamchukua. Kwamba leo elimu hiyo inapatikana mahali ambapo harufu ya mwani huingia madirishani ni jambo kubwa kuliko linavyosemwa, ingawa ukaribu wa bahari hautoshi kuibadilisha karatasi inayosomwa mbele yake.

Karatasi hiyo huitwa andalio la somo, yaani mpango ulioandikwa wa kipindi kimoja cha dakika 40, na pengine hakuna kitu kinachobeba moyo wa kozi nzima kama hiyo. Juu huandikwa shule, kidato, idadi ya wanafunzi, tarehe na saa. Chini yake mada na mada ndogo. Kisha malengo, vifaa na marejeo. Halafu jedwali lenye safu za muda, za shughuli za mwalimu na za shughuli za mwanafunzi, utangulizi ukipewa dakika 5, hatua za katikati zikigawana kiini, na hitimisho likipewa zile chache zinazobaki. Mwishoni kabisa, baada ya jedwali, huachwa mistari miwili au mitatu yenye kichwa kimoja: maoni. Andalio huchotwa kutoka kwenye azimio la kazi, ambalo ni mpango wa muhula mzima, nalo azimio huchotwa kutoka kwenye silabasi, hivi kwamba bahari yote ya taaluma hupitishwa kwenye funeli ndogo na ndogo zaidi hadi itoshe kati ya kengele mbili. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na ingekuwa vigumu kupata maelezo bora ya dakika 40.

Malengo ya andalio huanza kwa sentensi ambayo kila mwalimu wa Kenya aliyefundisha kwa Kiswahili anaweza kuikariri usingizini: kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze. Baada ya neno aweze hufuata kitenzi, na hapo ndipo wakufunzi huwa wakali. Kutaja kunakubalika, na vilevile kuorodhesha, kubainisha, kutofautisha, kukokotoa, kuchora, kueleza. Kitenzi kuelewa hukatwa kwa wino mwekundu, pamoja na ndugu yake kujua. Sababu ina historia yake. Mwaka 1956 Benjamin Bloom wa Chicago na wenzake walitoa mpangilio wao wa malengo ya elimu, wenye ngazi sita za utambuzi, ambamo kuelewa kulipewa ngazi ya pili, juu ya kujua na chini ya kutumia. Lakini mwaka 1962 Robert Mager aliandika kitabu chake kidogo juu ya kuandaa malengo, akasisitiza kwamba lengo lisiloonyesha tendo linaloonekana haliwezi kupimwa, na kwamba maneno kama kujua na kuelewa yana tafsiri nyingi mno. Tangu hapo kuelewa kumekuwa na cheo katika vitabu vya saikolojia ya elimu bila kualikwa katika andalio la somo.

Ni rahisi kuicheka sheria hiyo, na wengi wameicheka, lakini kicheko hicho kina haraka. Anayeandika kwamba wanafunzi wataelewa ushairi ameahidi kitu ambacho hakuna atakayemdai, ilhali anayeandika kwamba watabainisha vina na mizani katika ubeti mmoja amejiwekea deni, na kengele ikilia linajulikana kama limelipwa au la. Kwa mwanagenzi, yaani mtu anayejifunza kazi chini ya fundi, deni la aina hiyo ni malezi mema. Sarufi nayo inaiunga sheria mkono kwa njia ambayo Mager hakuweza kuifikiria: kueleza kumeruhusiwa kwa sababu ni tendo la mtu na linaonekana, kuelewa kumekatazwa kwa sababu ni tendo la jambo lenyewe, na halina saa. Kosa, kama lipo, haliko katika kukikata kitenzi kwa wino mwekundu. Liko katika kusahau, baada ya kukikata, kwamba ndicho kilichokuwa kinatafutwa.

Kozi yenyewe ina tezi na omo. Upande mmoja yako masomo mawili ya kufundishia ambayo mwanafunzi huchagua, Kiswahili na historia, hisabati na fizikia, biolojia na kemia, jiografia na dini, yanayosomwa katika idara zake pamoja na wanachuo wasio na nia ya ualimu. Upande wa pili yako masomo ya elimu yenyewe, ambayo ni saikolojia ya makuzi na ya ujifunzaji, falsafa, historia na sosholojia ya elimu, misingi ya mitaala, upimaji na tathmini, vifaa vya kufundishia, ushauri nasaha, usimamizi wa shule, na mwishowe mbinu za kufundisha kila moja ya masomo yale mawili. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani, na ngama, sehemu ya chini kabisa ya chombo yanakokusanyika maji, ndiyo kozi ya mbinu, kwani humo ndimo fizikia na saikolojia zinatakiwa kukutana na kuulizana: ni jinsi gani jambo hili hasa linamgomea mtoto huyu hasa? Lee Shulman wa Marekani alipoandika katikati ya miaka ya 1980 kwamba mwalimu ana ujuzi wa aina yake, usio ule wa mtaalamu wa somo wala ule wa mtaalamu wa malezi, alikuwa akizungumzia ngama hiyo. Inasikitisha kwamba katika ratiba za vyuo vingi hupewa saa chache kuliko tezi na omo, na hupewa mwishoni.

Kabla ya kupelekwa shuleni wanagenzi hupitia zoezi liitwalo ufundishaji mdogo, lililobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1963, ambapo mmoja husimama kufundisha kipande cha somo kwa dakika kama 10, akifanya ustadi mmoja tu, kwa mfano kuanzisha mada au kuuliza maswali, na wenzake hukaa mbele yake wakijifanya wanafunzi wa kidato cha pili. Zoezi hili lina uchekeshaji wake, maana watu wazima wenye miaka 21 huinua mikono na kusema hewaa, mwalimu, kana kwamba hawajawahi kusikia habari za nomino. Lakini lina jambo zito ndani yake ambalo halitajwi katika miongozo. Anayejifanya hajui hulazimika kukumbuka kutokujua. Hurudi mahali ambapo neno lilikuwa bado tope, kabla halijamwelea, na kumbukumbu hiyo, inayofifia haraka kuliko maarifa yoyote, ndiyo mali adimu kuliko zote katika ualimu. Mjuzi wa kweli huisahau njia aliyojia. Jambo likishaelea, huonekana kama lilielea siku zote, na hapo mtaalamu humshangaa mtoto aliyepwelewa, naye mtoto hushangaa kushangaliwa. Wale wachache wanaoigiza ujinga vizuri katika ufundishaji mdogo, hata darasa zima likacheka, huenda ndio walioisikia kazi vyema zaidi, ijapokuwa alama za siku hiyo huenda kwa aliyesimama mbele.

Kisha huja mazoezi ya kufundisha, muhula katika shule halisi, na hapo pwani hujionyesha kuwa pana kuliko ufuo. Kaunti ya Kilifi ina Watamu na Malindi zenye hoteli na majahazi ya watalii, lakini pia ina Bamba, Ganze na Magarini ya ndani, ambako mvua hupita bila kusalimia na maji huchotwa kwenye silanga, bwawa la kukusanyia mvua. Mwanagenzi wa fizikia akipewa kidato cha nne hukutana na mada ya kuelea na kuzama, iliyomo katika silabasi, na kanuni kwamba kitu kinachoelea husukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake. Kitabu kina picha ya meli ya chuma. Mwanagenzi mwerevu, akikumbuka kozi yake ya vifaa vya kufundishia, huitupa meli na kuchukua dau. Lakini darasani Bamba wapo ambao hawajawahi kupanda dau, na mfano uliotarajiwa kuwa wa nyumbani hugeuka kuwa wa ugenini kwa mara ya pili. Kinachowafaa kiko jikoni: kata, kile kifuu chenye mpini wa mti kinachoelea mtungini kikiwa kitupu na kudidimia taratibu kinapojazwa. Kila mmoja amekiona asubuhi hiyohiyo. Nguvu ya maji inayokieleza chombo ni ileile, na hesabu haibadiliki. Kilichobadilika ni kina cha maji ambamo jambo limetiwa. Halafu somo lote hilo lifanyike kwa Kiingereza, kama utaratibu unavyotaka, kwa wanafunzi wanaoota kwa Kigiriama na kutaniana kwa Kiswahili, huku mwanagenzi akijua kwamba lugha aliyokatazwa kuitumia ndiyo ambayo ndani yake kueleza na kuelea ni neno moja.

Malindi ilijua mwalimu wa aina nyingine. Mwezi Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapo, akapewa na mfalme wa mji huo rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Merikebu ziling'oa nanga tarehe 24 Aprili na kufika Calicut tarehe 20 Mei. Waandishi wa Kireno walimwita rubani huyo Malemo Cana au Malemo Canaqua, wakidhani pengine wanaandika jina, kumbe walikuwa wakiandika kazi yake: malemo ni muallimu, cheo ambacho mabaharia wa Bahari ya Hindi walimpa aliyejua nyota, mikondo na misimu ya upepo, na canaqua hudhaniwa kutokana na neno la Kihindi la mpiga hesabu za nyota. Jina lake halisi limezama. Kimebaki cheo, na cheo hicho ndicho kile kile kinachoandikwa leo kwenye mlango wa ofisi ya walimu. Watu wa kazi hiyo walikuwa na maandalio yao, vitabu vya mkono vilivyoitwa rahmani, vyenye vipimo vya nyota na alama za pwani, lakini hakuna muallimu aliyedhani kwamba rahmani inaweza kupuliza kusi. Alijua tarehe ya kungoja, akaingoja. Mkataba wake na bahari ulikuwa wa kuuelekeza usukani. Linalosumbua katika kumbukumbu hiyo, na halistahili kupitwa, ni kwamba muallimu hodari alimfikisha abiria alikotaka kwenda bila kujua abiria huyo angefanya nini akishafika. Na kila mwalimu wa sekondari, akifikiri kidogo, huikuta hofu hiyo imekaa mezani pake.

Neno somo nalo lina siri zake. Katika miji ya Waswahili somo si kipindi wala mada pekee. Somo ni mtu, mwanamke mkubwa anayekabidhiwa kijana wa kike ili amfunde mambo ya unyumba na ya utu uzima, na ni pia mtu mnayeitana naye kwa jina moja. Huyo hana andalio lililoandikwa. Hutazama aliyekabidhiwa, akaamua la kusema leo na la kuacha mpaka kesho, na kazi yake haipimwi siku ileile. Hupimwa miaka baadaye, katika nyumba ya mwingine. Si busara kuutamani ulimwengu huo urudi mahali pa chuo kikuu, kwa maana ulikuwa na ukali wake na ulifunza wachache kwa wakati mmoja. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba lugha iliwahi kuona mtu na mada kuwa kitu kimoja, na kwamba andalio la somo, likisomwa kwa masikio ya zamani, lingekuwa maandalizi ya mtu.

Fundi wa madau naye huunda, kwa desturi, bila mchoro wa karatasi. Mkuku hulazwa, mbao hupindwa, mataruma hupachikwa kwa jicho, kisha huja kazi ya kukalafati, yaani kuziba nafasi za kati ya mbao kwa pamba inayogongwa kwa patasi butu, na mwishowe chombo hupakwa sifa, mafuta ya papa, yasiyo na undugu wowote na sifa za watu ingawa yana harufu kali zaidi. Mwanagenzi hapewi mbao siku ya kwanza, hupewa pamba. Hugonga mshono mmoja na fundi huupitia kwa kidole gumba. Lakini uamuzi wa kidole gumba ni wa muda, kwani chombo kipya kikishushwa majini karibu kila mara huvuja kidogo, mpaka mbao zivimbe na kujifunga zenyewe. Fundi huukalia uvujaji huo bila fedheha, akitazama maji yanaingilia wapi. Katika mazoezi ya kufundisha mambo ni kinyume: msimamizi hufika mara chache, huketi nyuma na fomu ya alama, na mwanagenzi hufanya kila awezalo ili siku hiyo kusivuje, hata kama ni kwa kuwauliza maswali wale watatu wa mbele ambao majibu yao yanajulikana tangu jana. Chombo kinaonekana kikavu kwa sababu hakikushushwa.

Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017, na kufika sekondari msingi mwaka 2023, umebadilisha maneno ya karatasi. Malengo sasa huitwa matokeo maalumu yanayotarajiwa, yameongezewa maswali dadisi, na orodha za vitenzi zimewapokea wageni ambao Mager angewatilia shaka, kama kuchangamkia na kufurahia. Vyuo vinavyofunza walimu vimelazimika kuandika upya kozi zao, na baadhi ya wakufunzi wananung'unika kwamba furaha haipimiki. Hawakukosea. Lakini mlango ukifunguliwa kwa kufurahia, haitakuwa rahisi kuendelea kumzuia kuelewa kizingitini.

Inabaki ile mistari ya maoni chini ya karatasi. Kila kitu juu yake kiliandikwa kabla ya kipindi, usiku, kwa taa au kwa mwanga wa simu. Yenyewe pekee hungoja. Katika mafaili ya mazoezi, majalada mazito yanayobebwa mpaka ofisini na kurudishwa yamegongwa mihuri, mistari hiyo hujazwa kwa maneno ambayo yamechakaa kama sarafu: somo lilifaulu, malengo yalifikiwa, wanafunzi walishiriki vizuri. Huandikwa mara nyingi Ijumaa kwa vipindi vyote vya juma, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na wapo wanaoyaandika pamoja na andalio lenyewe, kabla ya kengele, jambo ambalo ni sawa na nahodha kuandika habari za kuwasili akiwa bado gatini. Nafasi iliyokusudiwa kuwa kipimo cha maji imekuwa mpako wa mwisho wa sifa.

Lakini zipo saa, baada ya kipindi cha mwisho kabla ya chakula, ambapo mwalimu mwanagenzi huketi peke yake chini ya mkilifi, mti ambao kwingine huitwa mwarubaini, faili limefunguliwa magotini na vumbi la chaki limemjaa vidoleni. Amekwisha kuandika malengo yal, na kalamu imesimama hapo. Anamkumbuka msichana wa safu ya nne karibu na dirisha, aliyejibu swali kwa usahihi, kwa maneno yaleyale ya ubaoni, na ambaye macho yake yalibaki yamelala ubavu. Analikata neno lililoanza. Anaandika kwamba mwanafunzi mmoja alieleza, kisha anatazama juu kwa muda, kuelekea upande ambao upepo wa bahari hutokea alasiri, na mstari wa pili bado ni mweupe.